Somo la Udongo na Mwili: Kutoka Henrico hadi Kamukunji

Mwaka 1892, katika wilaya ya Henrico, nje kidogo ya jiji la Richmond huko Virginia, Marekani, mwalimu kijana aitwaye Virginia Estelle Randolph alikabidhiwa shule ya chumba kimoja kando ya barabara ya Mountain. Ilikuwa shule ya watoto Weusi. Jengo lilisimama juu ya udongo mwekundu mtupu, na kiwanja kilikuwa hakina mti wala ua. Mwalimu Randolph hakungoja halmashauri. Kutoka kwenye mshahara wake mdogo alinunua changarawe ya kuweka njiani, akapaka kuta chokaa, akapanda maua, akawafundisha watoto kushona, kupika, kusuka vikapu na kutunza bustani pamoja na kusoma, kuandika na hesabu.

Baadhi ya wazazi walikasirika. Walianzisha hati ya kumtaka aondolewe, na anayewacheka leo hajui walikotoka. Wazazi wa Randolph mwenyewe walizaliwa utumwani. Sheria ya Virginia ya mwaka 1831 ilikataza kuwakusanya Weusi ili kuwafundisha kusoma na kuandika, na utumwa ulikwisha mwaka 1865 tu. Kwa hiyo waliompeleka mtoto shuleni mwaka 1892 walikuwa watu ambao wao au mama zao walinyimwa herufi kwa nguvu ya sheria. Jembe na sindano walivijua, walivishika tangu utotoni chini ya bwana. Walichokitaka shuleni ni kitabu. Mwalimu aliyempa mtoto wao kikapu cha kusuka alionekana anamrudisha kulekule.

Randolph hakuwajibu kwa hotuba. Alianza kuwatembelea nyumba kwa nyumba, akakaa nao, akasali nao, akawaita waje kupiga chokaa na kutengeneza kiwanja kwa mikono yao. Pole pole ile shule ikawa yao. Waliona kwamba kitabu hakikuondolewa, na kwamba aliyewataka watoto wao wanawe mikono na wapande mboga alikuwa mtoto wa watumwa kama wao, anayeishi kwa mshahara mdogo.

Mwaka 1908 Virginia ilipoanza kuadhimisha siku ya kupanda miti, yeye na wanafunzi wake walipanda miche 12 ya sikamori, mti mkubwa wa kivuli wa nchi ile, kila mche ukapewa jina la mmoja wa mitume 12. Mtoto aliyekuwa na zamu ya kumwagilia hakumwagilia mche tu, alimwagilia mtu mwenye jina. Baadhi ya miti ile iliishi kuliko wote walioipanda.

Mwaka uliotangulia, 1907, mwanamke mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, muumini wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za Weusi wa Kusini mwa Marekani. Mfuko huo ukasimamiwa na James Hardy Dillard. Mkuu wa shule za Henrico, Jackson Davis, alikuwa amekwishaona kazi ya barabara ya Mountain, akaomba fedha za kumwezesha mwalimu huyu azungukie shule nyingine zote za Weusi wilayani. Hivyo mwaka 1908 Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes: mwalimu anayetembea, anayezisimamia shule zaidi ya 20 zilizotawanyika, akiingia kila moja na kuuliza maji yanatoka wapi, paa linavuja wapi, wazazi wako wapi. Ripoti yake ya mwaka wa kwanza ilieleza shule kwa shule kilichotengenezwa, na Dillard akaisambaza Kusini kote. Ikajulikana kama Mpango wa Henrico.

Ili kuelewa kwa nini udongo na choo vilikuwa jambo kubwa hivyo, lazima tumtazame mdudu mmoja. Minyoo ya safura hutaga mayai tumboni mwa binadamu, mayai hutoka na kinyesi, na mahali pasipo na choo huanguliwa katika udongo wenye unyevu. Mabuu yake huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, humezwa, kisha minyoo hujishikiza utumboni na kunyonya damu. Mtoto anakuwa mweupe wa macho, mchovu, mzito wa kuelewa, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Tume iliyogharimiwa na Rockefeller ilifanya kazi katika majimbo ya Kusini kuanzia mwaka 1909 hadi 1914, na watoto wapatao 40 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na minyoo hiyo, Weupe kwa Weusi. Kumbe choo cha shimo nyuma ya shule kilikuwa somo la hesabu pia, maana mtoto aliyeishiwa damu hawezi kujumlisha.

Kufikia hapa habari ni ya kupendeza. Inaanza kuchanganyika pale watu wengine walipoichukua kazi ya Randolph na kuifanya sera.

Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyehamia Marekani, alikuwa amefundisha katika taasisi ya Hampton huko Virginia, chuo kilichojulikana kwa kuwafundisha Weusi kazi za mikono. Mwaka 1917 alitoa ripoti ndefu juu ya elimu ya Weusi wa Marekani, akisisitiza elimu ya ufundi na kilimo na kuvitilia shaka vyuo vingi vya elimu ya juu vya Weusi. Msomi Mweusi W. E. B. Du Bois aliijibu mwaka uliofuata katika gazeti lake, *The Crisis*. Hakuwa na ugomvi na bustani wala na usafi. Alichokiona ni kwamba Mweusi anatengewa elimu yake pekee, yenye dari, na kwamba waliopanga urefu wa dari hiyo si wale watakaoishi chini yake. Naamini alisema kweli, na kwamba ukweli huo ndio ufunguo wa yaliyofuata huku kwetu.

Maana Jones alikuja. Mwaka 1924 aliongoza tume ya mfuko wa Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki na Kati: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini mwake. Ndani ya msafara walikuwamo Dillard yule yule wa mfuko wa Jeanes, na James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, Mwafrika pekee kati yao. Tume ilikuta shule za misheni ambamo watoto walikariri Maandiko na kunakili herufi, huku nje ya mlango kuna malaria, safura na mmomonyoko. Jones alikuwa na fundisho lake alilolirudia kila mahali, kwamba elimu ina mambo manne ya msingi: afya na usafi, kuyajua na kuyatumia mazingira, nyumba na malezi, na michezo na burudani. Sijui mtaala wowote wa leo wa afya, mazoezi na mazingira unaotoka nje sana ya orodha hiyo.

Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, maili chache kutoka Nairobi, kwa msaada wa shirika la Carnegie. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mskochi James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ile. Walioletwa hawakuwa watoto. Walikuwa walimu wa misheni waliokwisha kufundisha, na kila mmoja alikuja na mkewe na watoto, wakapewa nyumba ndogo yenye bustani. Mume alijifunza kusimamia shule za vijijini, kuchimba choo, kutengeneza mbolea ya mboji, kufuga kuku, kutoa huduma ya kwanza. Mke alijifunza kulea mtoto mchanga, lishe, ushonaji. Walicheza maigizo, waliimba, walifundishwa michezo ya kuwachezesha watoto. Baada ya masomo walirudishwa makwao, mwalimu akazunguka shule za kule kama Randolph alivyozunguka Henrico. Baadaye shule za aina hiyo zilifunguliwa Nyasaland na katika Rhodesia zote mbili.

Wapo wanaoitupa Kabete yote kapuni kwa sababu ilikuwa chombo cha mkoloni. Mimi siwezi. Mke wa mwalimu aliyerudi kijijini akijua kwa nini mtoto anayeharisha apewe maji yaliyochemshwa aliokoa watoto, na maisha ya hao watoto hayana rangi ya bendera. Tena kumfundisha mume na mke pamoja lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyokuja baada yake, maana afya ya nyumba haikai kichwani mwa mtu mmoja.

Lakini tutazame nchi iliyoizunguka ile shule. Kabete iko Kiambu, na Kiambu ndiko Wakikuyu walikopoteza mashamba mengi kwa walowezi. Mwanaume wa Kiafrika alilazimika kuvaa shingoni kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi. Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa, zao lililomtajirisha mlowezi wa upande wa pili wa barabara. Harry Thuku, kiongozi aliyepinga mambo hayo, alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Katika nchi hiyo anakuja mwalimu kukufundisha kuitunza ardhi. Ipi? Mboji ni somo zuri kwa mwenye shamba. Kwa aliyenyang'anywa shamba, au aliyekatazwa zao lenye bei, somo hilo linafika likiwa na ulemavu.

Wazazi wa Kikuyu waliliona jambo hili kama wale wa barabara ya Mountain walivyoliona, ila wao hawakuishia kwenye hati ya malalamiko. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya misheni na waumini wao juu ya tohara ya wasichana, walianza kujenga shule zao wenyewe, kwa michango yao wenyewe, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa Kiingereza mapema na masomo ya kitabu yasiyopunguzwa. Januari 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu cha shule hizo huko Githunguri. Na Koinange alisoma wapi? Mwaka 1927 alikwenda Hampton, chuo kile kile alikopita Jesse Jones. Hakuishia hapo. Aliendelea hadi chuo kikuu cha Columbia, akarudi na shahada, akawapa watu wa Kiambu kile ambacho tume ya 1924 haikukiona kuwa cha haraka. Serikali ilikifunga chuo cha Githunguri mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Kabete yenyewe ilitoa mwanafunzi ambaye Jones hakumtarajia. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1950 kijana Tom Mboya alisomea ubwana afya katika viwanja vya Shule ya Jeanes. Alijifunza kukagua nyama, maziwa, visima, mitaro na vyoo, na wenzake wakamchagua kuongoza baraza la wanafunzi. Mwaka 1951 aliajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi. Akagundua kwamba bwana afya wa Kiafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu anayefanya kazi ile ile. Aliingia katika chama cha watumishi, akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi cha kweli, na hata akiwa kiongozi wa taifa hakusahau kwamba mwanzo wake ulikuwa kwenye ukaguzi wa maziwa na mitaro.

Naona katika maisha yake hatua ambayo wapangaji wa somo la afya huiogopa. Ukimfundisha kijana vizuri kwa nini mtaa mmoja una kipindupindu na mwingine hauna, hatimaye atauliza nani alipanga mitaa hiyo. Atatazama mabomba yanakopita na yanakokoma. Somo la usafi likifundishwa kwa ukamilifu huzaa raia, na serikali iliyotaka watu wa kunawa mikono tu huwa haijajiandaa kwa raia.

Upande wa Tanzania, jembe lilirudi shuleni likiwa mikononi mwa Mwafrika. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Aliutazama ukweli usoni: katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 87 hawakuwa na nafasi ya sekondari. Akataka kila shule iwe na shamba au karakana, watoto walime na wapange wenyewe matumizi ya mavuno, na darasani wajifunze kwa nini mbegu hii inaota hapa na ile haioti. Alikuwa mwalimu wa Tabora na Pugu kabla ya kuwa rais, akijua kwamba mtoto akitengwa na kazi ya wazazi wake atajifunza kuwadharau.

Vizazi vya Watanzania vinakumbuka jinsi hilo lilivyotendeka kila siku. Mchakamchaka alfajiri, mistari miwili, nyimbo zikiitikiwa mpaka kijiji chote kinaamka. Kisha namba, kila mtoto na eneo lake la kufagia. Kisha paredi, na mwalimu wa zamu akipita kukagua kucha, meno na kola. Mchakamchaka ulikuwa somo la mazoezi ya mwili lisilohitaji mpira, viatu wala bajeti, na ulimfundisha mtoto kupumua na wenzake. Namba ilimfundisha kwamba uchafu una mwenyewe. Shamba, kwa bahati mbaya, lilipotea njia katika shule nyingi: aliyechelewa alipelekwa kulima, aliyepiga kelele alipelekwa kulima, hadi jembe likawa fimbo. Mtoto aliyeadhibiwa kwa udongo miaka saba atakuja kuupenda vipi? Waraka ulisema watoto wapange mavuno yao. Mahali pengi mavuno yalipangwa na watu wazima, na watoto wakayasikia tu.

Mwaka 1973 serikali ilifanya jambo ambalo bado nalihesabu kuwa kati ya makubwa zaidi katika elimu ya afya Afrika. Kampeni ya Mtu ni Afya ilidumu wiki 12. Redio Tanzania ilitangaza vipindi, na nchi nzima watu wazima wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikaa katika vikundi, mara nyingi kwenye madarasa ya shule za msingi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya kijijini kwao. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu. Waliamua kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyokaribia nyumba. Wengi wa walioongoza vikundi walikuwa walimu wa shule za msingi na vijana waliokwisha kusoma kidogo. Wakati huo mtoto aliyefundishwa darasani asubuhi kwamba kichocho hutokana na konokono wa majini alimkuta mama yake jioni analijadili jambo lile lile. Somo halikuachwa juu ya mabega ya mtoto peke yake, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa.

Kenya nako, uzi wa Mboya uliendelea. Yeye ndiye aliyehangaika kutafuta nafasi na nauli za vijana wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, safari zilizoanza mwaka 1959. Mwaka 1960 miongoni mwa waliopanda ndege alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye baadaye alijulikana kama Wangari Maathai. Alisoma baiolojia Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Profesa Wangari Maathai alisikia akina mama wa vijijini wakieleza shida zao. Kuni zilikuwa zimeadimika kwa sababu misitu na vichaka vilikuwa vimetoa nafasi kwa chai na kahawa. Kwa kukosa kuni, mama aliacha kupika maharage na githeri vinavyokaa motoni muda mrefu, akawapa watoto mkate mweupe, chai na wali. Watoto wakadhoofu katika mkoa wenye rutuba kuliko mingi. Utapiamlo ule ulianzia kwenye mti uliokatwa, na Wangari, mwanabaiolojia aliyekuwa amechota maji na kuokota kuni utotoni, aliona mnyororo mzima kwa mara moja.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, maandamano yalitoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji. Walipanda miti saba. Kila mmoja ulipewa jina la shujaa wa jamii mojawapo ya Kenya: Wangu wa Makeri, Waiyaki wa Hinga, Mekatilili wa Menza, Masaku Ngei, Nabongo Mumia, ole Lenana, Gor Mahia wuod Ogada. Sina ushahidi kwamba aliyepanga majina hayo alijua habari za mitume 12 wa Henrico. Yawezekana kila anayetaka mche utunzwe na watu walionyimwa mengi hufika kwenye wazo hilo mwenyewe.

Kazi iliyofuata haikuwa ya sherehe. Vikundi vya wanawake vilianzisha vitalu, na mistari ya miche 1,000 au zaidi ikapandwa kwenye mashamba, viwanja vya shule na ardhi ya umma, ndiyo asili ya jina la harakati yao, Green Belt, yaani mkanda wa kijani. Mtaalamu wa misitu aliyetumwa kuwafundisha alizungumzia vipimo na mwelekeo wa kitalu hadi wakamchoka. Wangari akawaambia watumie akili yao ya mama wa shambani: watazame mti gani unatoa mbegu na lini, waziokote, wazifukie katika vyungu vilivyovunjika na makopo, waviweke juu kuku wasifikie. Waliotunza miche walilipwa fedha kidogo kwa kila mti uliohesabiwa kuwa umeshika na unaendelea kuishi, si kwa kila shimo lililochimbwa. Shule zilichukua miche hiyo hiyo, na mara nyingi aliyeibeba nyumbani alikuwa mtoto wa mama aliyeiotesha. Kikundi kilichofaulu kiliambiwa kiende kijiji cha jirani kikafundishe kingine, na wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga chuo wakaanza kutembea kilima hadi kilima wakiwa walimu.